Mzee, pima kisima kabla ya kununua pampu

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Fundi, mimi ni mstaafu wa bandarini. Nina ekari mbili na nusu Mwakirunge. Masika napanda mahindi na muhogo, na kuna nusu ekari nataka niifanye ya mchicha, bamia na biringani, nipeleke Kongowea. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Kisima changu kina kina cha futi 40 na upana wa futi 4. Maji yako futi 30 kutoka juu. Stima iko nyumbani, banda la ng'ombe liko kama mita 60 kutoka hapo. Duka moja mjini limenipa ofa: pampu ya petroli ya inchi mbili, trekta la mkono la hosipawa 7 na mashine ya kukatia majani yenye mota ya hosipawa 3, vyote shilingi 145,000. Mpwa wangu naye asema ningoje mtumba wa Japani. Nichukue ofa? Na injini ya Kichina yafaa, au nisake orijino?"

Shikamoo mzee. Ofa hiyo iache. Kati ya vitu vitatu ulivyopangiwa, utakachokitumia kila siku ni mashine ya majani peke yake. Trekta la mkono litalala stoo karibu mwaka mzima. Na pampu waliyokuchagulia haitatoa maji kwenye kisima chako, hata iwe mpya, hata iwe orijino ya kuapiwa.

Tuanze na hiyo pampu, kwa sababu ndiyo inayowalia watu pesa kuliko kitu kingine chochote huku pwani.

Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji kama tunavyodhani. Kazi yake ni kutoa hewa ndani ya bomba. Hewa ya nje, inayoukandamiza uso wa maji kule kisimani, ndiyo inayoyapandisha. Hapa tulipo, usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kupandisha maji mita 10.3 na basi, na hapo ni kwa pampu kamilifu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Toa hasara ya msuguano ndani ya bomba, toa vali ya chini, toa viungio vinavyopitisha hewa kidogo kidogo: unabaki na mita 7, ukibahatika 8. Futi 30 ni mita 9 na ushee, na kiangazi kikikaza maji yanashuka zaidi. Utavuta kamba ya injini hadi bega likuume na bomba litakuwa linakohoa hewa. Muuzaji atakuonyesha karatasi iliyoandikwa mita 30, nawe utaamini. Mita 30 hizo ni za kusukuma maji kwenda juu baada ya kuingia kwenye pampu. Za kuvuta zimeandikwa kwa herufi ndogo mstari wa chini, na mara nyingi ni 7 au 8. Hata pampu ya kukanyaga ya MoneyMaker, ambayo naiheshimu sana, ina mpaka wa mita 7 hivi, kwa sababu hewa ni ile ile.

Kuna mtu atakwambia dawa ni kuiteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima, juu ya kichanja, ili iyakaribie maji. Mzee wangu, usithubutu, wala usimruhusu kibarua afanye hivyo. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kisima hakina upepo wa kuiondoa. Anayeshuka kuzima injini hulegea na kuanguka kabla hajajua kinachompata, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Vifo vya namna hii hutokea wawili wawili, mara nyingi ndugu wa nyumba moja.

Sasa twende kwenye kisima chenyewe. Upana wa futi 4 una maana kwamba kila mita moja ya maji ni karibu lita 1,170. Una futi 10 za maji, yaani mita 3, kwa hiyo kisima kikiwa kimejaa kina lita 3,500 hivi. Pampu ya inchi mbili ikifanya kazi vizuri hutoa lita 500 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: dakika saba kisima kimekauka. Pampu inayozunguka bila maji huunguza sili yake kwa muda mfupi sana, na hapo unaanza safari za kwa fundi. Kumbe kiasi cha maji utakayopata kwa siku hakiamuliwi na pampu. Kinaamuliwa na kasi ya maji kurudi kisimani, na hiyo hakuna duka linaloijua.

Kuipima ni kazi ya asubuhi moja. Funga jiwe kwenye kamba, weka fundo mahali uso wa maji ulipo. Azima pampu ndogo ya kuzamisha, au tumia ndoo na vijana wawili wenye nguvu, mshushe maji mita moja kamili. Acheni, tazama saa, uone yanachukua muda gani kurudi kwenye fundo. Yakirudi kwa saa moja, kisima kinakupa lita 1,170 kwa saa, na kwa kazi ya saa nane utakuwa na lita zaidi ya 9,000. Yakichukua saa tatu, una shamba dogo kuliko ulivyofikiri. Fanya hivi kiangazi kinapoelekea mwisho, Februari au Machi kabla ya masika. Kisima kinachopimwa mwezi wa sita kinadanganya.

Linganisha na mahitaji. Jua letu la kaskazi huinyang'anya bustani ya mboga kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa nusu ekari hiyo ni lita 10,000 kila siku. Ukitumia mabomba ya matone na ukitandaza majani makavu kwenye matuta, kiasi hicho kinapungua. Hata hivyo ningekushauri uanze na robo ekari, uone kisima kinasemaje.

Kwa kisima cha namna hii pampu ya kununua ni ya stima, ya kuzamisha, na ndogo. Tuseme unataka lita 2,000 kwa saa, toka chini ya kisima hadi tangi lililoinuliwa mita 4. Kina cha mita 12, ongeza 4 za tangi, ongeza msuguano wa mabomba: weka 25 uwe na nafasi. Kazi halisi ya kuinua maji hayo ni wati 136 tu. Pampu ndogo nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya stima zinayokula, kwa hiyo hesabu wati 350 hivi. Hosipawa moja ni wati 746. Maana yake nusu hosipawa yatosha, robo tatu ni ya kujipa raha. Atakayekuuzia ya hosipawa 2 anakuuzia dakika chache za maji na bili ya mwaka mzima. Dai iwe na swichi ya kuelea au kinga ya kuzima yenyewe maji yakiisha, na fundi umeme akufungie breka ya kukata stima ikivuja, ya miliampea 30. Stima na maji ya kisimani havisamehe.

Kuna na suala la chumvi, ambalo wauzaji hawalitaji. Pwani yetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya ardhi. Kwa kanuni, ukishusha maji matamu kwa mita moja kwa muda mrefu, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita 40. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea pampu inayotoa polepole kwa saa nyingi. Maji yakianza kubadilika ladha, biringani itavumilia kuliko bamia, lakini pampu ya aluminiamu italika. Chagua yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu.

Sasa mashine ya majani, ambayo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ng'ombe wa maziwa anayekula vizuri humaliza kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku. Watatu ni kilo 150 na zaidi. Kukata mzigo huo kwa panga ni kazi ya mtu mzima kutwa, na bado ng'ombe huchagua majani laini wakaacha vikonyo. Mashine hulimaliza hilo kwa nusu saa, vipande vya inchi moja moja, na vikonyo vinaliwa. Hapa pesa inarudi kila siku.

Lakini usiinunue kabla hujasoma kibao cha mota. Kile kibati kidogo cha fedha kilichopigiliwa ubavuni ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Hosipawa 3 ni kilowati 2.2. Mota ya njia moja ya volti 240 yenye nguvu hiyo kweli lazima ile ampea 13 au 14. Ukikuta imeandikwa hosipawa 3 halafu pembeni ampea 6, zidisha 6 kwa 240: ni 1,440. Mota haiwezi kutoa wati 2,200 wakati inakula 1,440. Kibao kimejisuta chenyewe. Nimewahi kumsomea muuzaji hesabu hiyo palepale kaunta, akaniambia "hiyo ni ampea ya Kichina." Tulicheka, lakini mota ilibaki pale pale.

Kwenye kibao hicho hicho tazama mizunguko. 1,440 kwa dakika ndiyo unayoitaka. Ya 2,880 ina haraka nyingi na nguvu kidogo ya kuanzia, nayo hukwama visu vikishika majani. Ombea waya wa ndani uwe wa shaba. Baadhi ya mota za bei rahisi zimesukwa kwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na dalili ya kwanza ni uzito: nyanyua mota mbili za hosipawa sawa, moja baada ya nyingine, mkono utakwambia.

Na hapa ndipo mita zako 60 zinapokuja kutuharibia siku. Fundi wa mtaani atakufungia waya wa 2.5, yaani wa unene wa milimita za mraba 2.5, kwa sababu ndio alio nao. Mota ikiwa inazunguka, waya huo utapoteza volti 15 njiani, na hilo linavumilika. Tatizo ni kuanza. Mota inapoamka hula mara tano ya kawaida yake, kama ampea 70, na kwa sekunde hizo waya unapoteza volti 75. Bandani zinafika 165. Nguvu ya mota ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo inabaki chini ya nusu. Utaisikia ikiguna, haizunguki, breka inaruka au kapasita inapasuka, nawe utarudi dukani kulalamika kwamba umeuziwa mota mbovu. Mota nzima, waya ndio mwembamba. Weka waya wa 6, wa shaba halisi, wa kuzikwa ardhini, wenye breka yake peke yake. Soketi ya ukutani ya ampea 13 isahau. Waya huo utakuuma mfukoni kuliko unavyotarajia. Pesa utakazookoa kwa kuliacha trekta la mkono ndizo zitakazoulipa.

Kabla ya yote hayo mwite fundi na kipimo chake saa moja usiku, watu wakiwa wanapika na taa zote ziko juu, apime volti nyumbani kwako. Zikiwa 225 kwenda juu, uko salama. Zikiwa 200, uko mwisho wa laini, na ni heri uchukue mashine yenye injini ya petroli kuliko kugombana na stima.

Usalama nitausema mara moja. Nunua mashine yenye mdomo mrefu wa kulishia, mrefu kuliko mkono wako toka kiwiko hadi vidole, na yenye kishikio cha kurudisha majani nyuma unachoweza kukifikia bila kugeuka. Mkanda na puli viwe na kifuniko. Na tafadhali, mzee, najua asubuhi kuna raha yake kushinda na kikoi. Kikoi kisiingie bandani mashine ikiwaka. Wala kanga, wala mikono mirefu ya kanzu.

Trekta la mkono, kwa kifupi, kodi trekta. Ekari mbili zako hulimwa mara moja kabla ya masika, pengine na mara ya pili vuli ikikubali. Mashine ya hosipawa 7 hutifua vizuri udongo laini ulioshalimwa. Ardhi yetu yenye vipande vya matumbawe huvunja meno yake, na kila jino likigonga jiwe, mishikio inakuruka mikononi. Hiyo si kazi ya kumpa mtu aliyestaafu ili apumzike. Ingekuwa majirani watano mnachanga, ningewaambia mtafute la dizeli la hosipawa 15 lenye tela, maana tela hubeba mchanga, samadi na maji na kuingiza pesa miezi ambayo hakuna kilimo. Peke yako, hapana.

Mpwa wako ana hoja nusu. Injini za dizeli za mtumba wa Kijapani ni imara na mafundi wetu wanazijua. Vya stima ndivyo vya kukwepa. Japani hutumia volti 100, sisi 240. Ukiichomeka mota yao ilivyo itaungua kabla hujasema bismillahi. Wanaouza watakwambia uweke transfoma, lakini transfoma ya kubeba mota ya hosipawa 3 na mshituko wake wa kuanzia ni mzigo na gharama nyingine. Tena nusu ya nchi ile, upande wa magharibi, stima yake ni ya hezi 60 na yetu ni 50: mota ya huko itazunguka polepole na kupata moto zaidi, hata ukishasawazisha volti.

Kuhusu Kichina au orijino: ikiwa stima yako ni dhaifu na umelazimika kutumia petroli, au ukitaka injini ya akiba, mimi sina ugomvi na ya Kichina. Injini nyingi za umbo lile, zilizopigwa 168F, zimeigwa kutoka Honda GX160, sentimita za ujazo 163, na spea zake nyingi zinaingiliana: kabureta, plagi, ringi, kamba ya kuwashia. Spea inayopatikana Jumamosi jioni ina thamani kuliko jina. Nisichokipenda ni ya Kichina iliyobandikwa jina la Honda na kuuzwa kwa bei ya Honda. Ya kweli ina jina la modeli na namba zilizogongwa kwenye chuma cha injini yenyewe; stika peke yake si ushahidi. Na usidanganyike na hosipawa za stika. Honda mwenyewe zamani aliiita injini hiyo 5.5, siku hizi anaandika 4.8. Ukikuta nakala ya ujazo ule ule imeandikwa 7.5, hiyo ni stika inayojisifu.

Injini mpya kwa kawaida husafirishwa bila oili. Wengi huiwasha hivyo hivyo kwa furaha, ikajifunga siku ya kwanza. Tia oili, kama lita 0.6, uimwage na kubadilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, funga bomba la petroli uiache ijizime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Joto letu huigeuza petroli ya zamani kuwa gundi.

Siku ya kununua, nenda na gunia la majani yako mwenyewe, yakiwemo yale magumu yaliyokomaa. Mwambie muuzaji aiwashe na uilishe kwa dakika ishirini. Mashine inayozunguka tupu dukani haijaonyesha kitu. Gusa mota baadaye: joto la kawaida sawa, harufu ya rangi inayoungua ondoka. Uliza visu vya akiba na feni ya mota viko duka gani hapa Mombasa, uvione kwa macho, na ununue seti moja ya visu pamoja na mashine. Chukua risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya kodi, iliyoandikwa modeli na namba ya mashine, na muda wa dhamana kwa maandishi. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini bila risiti utaitetea haki hiyo kwa mdomo mtupu.

Pampu usiinunue safari hiyo hiyo. Ukishapima kisima niandikie mambo matatu: maji yalichukua muda gani kurudi, ladha yake kiangazi ikoje, na volti za saa moja usiku. Kwa hayo nitakutajia ukubwa wa pampu na unene wa waya wa kuuteremsha.